Mgeni Anayesema Ameshiba

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Itifaki izingatiwe, maana nikianza kutaja majina hapa muda utaisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Mada mliyonipa ni ndefu kidogo: kuwashirikisha wengine mafundisho ya Kabala kama njia ya mtu mwenyewe kukua kiroho. Nilipoisoma kwenye simu nilicheka peke yangu sebuleni hadi mke wangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hawa watu wamenibonyeza penye kidonda. Nimesoma mambo haya miaka 12, polepole, kwa miwani na kamusi, na muda wote huo kusoma hakujanishinda kama kulivyonishinda kumweleza mtu mwingine nilichosoma bila kumchosha, kumtisha au kumuumiza.

Tuanze na kutisha, maana hilo ni jepesi. Jirani yangu mmoja, mama wa heshima zake, aliona mezani kwangu kitabu chenye michoro ya miduara na mistari. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimejiunga na Frimasoni. Kabla sijajibu akaongeza: na kama ni kweli, mwanangu anaweza kupata nafasi? Nikamwambia mama, huku hakuna gari wala ghorofa, kuna kusoma tu na kuumwa macho. Akaondoka amevunjika moyo kidogo. Basi na ninyi mliokuja na matumaini kama yake, mlango uko wazi.

Kabala ni elimu ya ndani ya dini ya Kiyahudi. Inauliza Mungu asiye na mwisho anahusianaje na dunia hii yenye mipaka, na mtu afanye nini na nafsi yake katikati ya hayo mawili. Kitabu chake kikuu, Zohar, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, kimeandikwa kwa Kiaramu. Mimi si Myahudi, na nasema hivyo mapema ili asitokee wa kunisahihisha baadaye. Ninachowaletea nimekiazima kwa wenyewe. Na wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri… mnamalizia wenyewe.

Lakini neno lenyewe si geni kwetu kama tunavyodhani. Kabala, kwa Kiebrania, ni kupokea. Kiarabu kina mzizi huo huo, na huko ndiko Kiswahili kilikochota kukubali, kibali, na ile dua tunayoomba itakabaliwe. Zohar nayo maana yake ni mng'ao, na ina undugu wa damu na jina la Zuhura. Kwa hiyo kila mtu humu ndani ameshatamka nusu ya somo bila kujua.

Sasa hapo pana fumbo, na ndilo nililokuja nalo leo. Elimu hii inaitwa kupokea. Kwa nini basi waliozama ndani yake hawaachi kuzungumzia kutoa?

Marabi wa kale walikuwa na msemo kwamba anayekula cha mwenzake huona haya kumtazama usoni. Wanakabala wakauita huo mkate wa aibu. Wanasema Muumba ni mtoaji mtupu, na kiumbe, tukimvua kila kitu, ni hamu ya kupokea. Kama angepokea tu milele angekuwa kama ombaomba kwenye karamu, tumbo limejaa na uso umeinama. Sisi tuna methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na siku zote nilidhani methali hiyo inamlinda mwenyeji asifilisiwe. Baada ya kusoma habari za mkate wa aibu, naona jembe linamlinda mgeni.

Mwalimu mmoja wa karne iliyopita, Yehuda Ashlag, aliupenda sana mfano wa mgeni na mwenyeji. Nitausimulia kama unavyotokea huku kwetu, maana kwetu unatokea kila siku. Umefika kwa mtu saa saba mchana. Wali wa nazi umeshapakuliwa, samaki yupo, kachumbari ipo. "Karibu tule." Na wewe, ambaye tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni, unajibu nini? "Asante, nimeshiba, nimetoka kula sasa hivi." Uongo mtupu! Tumbo linakusuta kwa sauti. Mwenyeji anasema, "Hata tonge moja." Unakataa. "Jamani, nimepika mwenyewe, usinivunje moyo." Hapo kitu kinageuka. Unanawa mikono, unasogea, unakula, na sasa kula kwako ni hisani unayomfanyia yeye. Angalia lakini: wali ni ule ule, njaa ni ile ile, na mkono unaopeleka tonge mdomoni ni huo huo. Nia tu ndiyo imebadilika, na kwa nia hiyo aliyekuwa mpokeaji amekuwa mtoaji huku anatafuna.

Ashlag anasema kazi nzima ya mtu duniani ni hiyo: kupokea kwa nia ya kutoa. Na hapo ndipo wengine wanapoingia. Kwa sababu nia hiyo huwezi kuifanyia mazoezi peke yako chumbani na mshumaa. Mbele ya Mungu ni rahisi mtu kujidanganya. Unaweza kulia usiku kucha ukidhani unampenda, kumbe unajipenda mwenyewe unavyolia. Jirani hadanganyiki hivyo. Jirani ana harufu, ana madeni, anakukatiza ukiongea. Rabi Akiva aliiita amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako kanuni kuu ya Torati, na Ashlag akaifanya uwanja wa majaribio: kwa nafsi yangu, Mungu na jirani wako upande mmoja, wote wako nje yangu, na nikijifunza kutoka nje ya ngozi yangu kwa ajili ya huyu ninayemwona, nitakuwa nimejifunza njia ya kumwendea nisiyemwona. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kabala hafundishi kwa sababu amejaa. Anafundisha kwa sababu bila kumpa mtu, alichosoma bado hakijawa chake.

Naona mzee mmoja pale anatikisa kichwa. Subiri, nakuja upande wako.

Nataka niwasimulie habari ya kisanduku. Safed ni mji mdogo wa milimani kule Galilaya, na katika karne ya 16 ulijaa wasomi wa Kabala, wengi wao wametoka katika familia zilizofukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwaka 1570 aliingia pale mtu mmoja akitokea Misri, Isaac Luria, aliyepewa jina la Ari, yaani Simba. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534. Akafundisha Safed kwa miaka miwili tu, na mwaka 1572 tauni ikamchukua akiwa na miaka 38. Hakuacha karibu chochote kwa maandishi yake. Inasimuliwa kwamba wanafunzi walimwuliza kwa nini haandiki, akasema akifungua kinywa tu anahisi kama bahari imevunja kingo zake, ataitiaje kitabuni?

Aliyeandika ni mwanafunzi wake, Chaim Vital. Aliandika sana, na alichoandika akakifungia. Mwaka 1575 wenzake 12 wa shule ile walitia saini hati: hawatajifunza elimu ya mwalimu wao kwa mtu mwingine ila Vital, hawatamlazimisha aseme zaidi ya anavyotaka, na hawatatoa siri nje. Nimeisoma hati ile mara nyingi, na kila nikiisoma naona watu wenye majonzi ambao wamebaki na mtu mmoja kama ukumbusho wa marehemu, na wanaogopa asije akapotea naye.

Miaka ikapita. Vital akaugua sana. Simulizi iliyoandikwa na mfuasi wa baadaye inasema tajiri mmoja mwenye kiu ya maandishi yale alimwendea ndugu mdogo wa Vital, Moshe, akampenyezea dhahabu. Kisanduku kikafunguliwa wakati mwenyewe yuko kitandani. Wakakodiwa wanakili 100, na kwa siku tatu wakanakili kurasa zaidi ya 600. Vital alipopona, maji yalikuwa yameshamwagika.

Inachekesha na inasikitisha. Sehemu ya elimu ya Ari ilianza kuingia mikononi mwa watu kwa hongo, kupitia kwa mdogo mtu. Na Vital hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya kweli kwamba mambo yale yataangukia mikono michafu. Ila aliacha pia daftari la ndoto na maono yake, na ukilisoma utaona jinsi suala la ukubwa wake mwenyewe lilivyomkosesha usingizi: huyu kamwotea ni mkuu, yule kamwambia roho yake ni ya juu. Sisemi kisanduku ndicho kilichomfanya vile. Nasema tu kwamba mimi nimewahi kufunga kisanduku changu kwa maneno yale yale ya "watu hawako tayari", na nilipojichunguza nikakuta kwamba kwa kweli nilifurahia kuwa ndiye mwenye ufunguo.

Turudi kwa Ashlag, maana yeye ni kinyume cha kisanduku. Mzaliwa wa Polandi, mwaka 1885, akahamia Yerusalemu miaka ya 1920 ilipoanza. Mwaka 1940 alianzisha gazeti ili mafundisho ya upendo wa jirani yawafikie watu wa kawaida, walio wa dini na wasio wa dini. Likatoka toleo moja tu, serikali ya Waingereza iliyokuwa ikitawala Palestina ikalifunga. Hakukata tamaa. Akaichukua Zohar yote, akaitafsiri kutoka Kiaramu hadi Kiebrania na kuifafanua kifungu kwa kifungu, kazi aliyoiita Sulam, yaani Ngazi. Aliimaliza mwaka 1953, na mwaka uliofuata akafariki.

Wanafunzi wake wamesimulia jambo moja ambalo kwangu lina uzito kuliko falsafa yake yote: kwamba fedha zilipokosekana alikuwa akipanga mwenyewe herufi za risasi za kuchapia vitabu vyake.

Niruhusuni hapa nikae kidogo, kwa sababu hii ndiyo kazi niliyoanzia maisha. Nilipomaliza shule niliingia kiwanda cha uchapaji, nikawekwa kwenye kupanga chapa. Vijana hamjaiona. Mbele yako kuna kasha la mbao lenye vyumba vingi vidogo, kila chumba na herufi yake. "A" zina chumba kikubwa, maana Kiswahili kinakula "a" kama mchwa. Unachukua herufi moja moja kwa mkono wa kulia, unaziweka kwenye kishikio cha chuma mkono wa kushoto, na unazipanga kinyume, kwa sababu karatasi ikikandamizwa ndipo zitasomeka sawa. Mchana tulipewa maziwa, ati yanaondoa sumu ya risasi mwilini. Jioni vidole vimekuwa vyeusi, na hata ukila chapati unahisi ladha ya chuma.

Mpanga chapa anajua kitu ambacho mhubiri hajui. Amepitia kila neno la mtu mwingine, herufi kwa herufi, kwa vidole. Akikosea "n" moja, watu 3,000 watasoma makosa yake. Akipatia, hakuna atakayejua kuwa yupo, maana jina lake halimo popote. Nilipanga vitabu vya kilimo, vya dini, vya kesi za mahakama. Vile nilivyovisoma tu maishani nimevisahau vingi. Vile nilivyovipanga, hadi leo naweza kukutajia mstari. Kwa hiyo ninapomfikiria mzee yule amesimama mbele ya kasha la herufi za Kiebrania, sidhani alikuwa anatumikia umma peke yake. Alikuwa anakipokea kitabu chake upya, kupitia ncha za vidole, ili kimfikie mtu asiyemjua.

Sasa mzee wangu unayetikisa kichwa. Una haki. Kuna walioeneza vibaya, na madhara yake yalikuwa makubwa.

Mwaka 1665 kijana msomi wa Gaza, Nathan, aliyeimeza Kabala ya Ari, alitangaza kwamba Masihi amepatikana, naye ni Sabbatai Zevi, mzaliwa wa Izmir. Barua zikatembea kwa meli na misafara. Waliofikiwa wengi hawakuwa wamesoma hata ukurasa mmoja wa Ari, walipokea moto bila jiko. Kule Ujerumani aliishi mwanamke mfanyabiashara, Glückel wa Hameln, na katika kumbukumbu alizoacha anaeleza jinsi baba mkwe wake alivyoacha nyumba yake na samani zake nzuri, akatuma Hamburg, alikokaa Glückel, mapipa mawili makubwa: ndani mashuka, njegere, maharage, nyama kavu. Ya safari ya kwenda Nchi Takatifu, siku yoyote wito ukija. Mapipa yakakaa zaidi ya mwaka, hadi wakahofia nyama itaoza na kuharibu nguo, wakaambiwa wayafungue watoe chakula. Mwaka 1666 Sabbatai Zevi alifikishwa mbele ya sultani wa Kituruki, akavaa kilemba, akasilimu. Mimi nayafikiria yale mapipa. Siasa na teolojia tuwaachie wasomi. Mama mwenye nyumba amesimama koridoni na kupepeta maharage ya Masihi ambaye hakuja, hiyo naielewa.

Ndiyo maana marabi waliokaza kamba hawakuwa wachoyo. Baada ya kundi jingine la namna hiyo kuzuka Polandi, baraza lililokutana Brody mwaka 1756 lilizuia watu kusoma Zohar kabla ya miaka 30, na maandishi ya Ari kabla ya 40. Na wapo hata leo wenye akili timamu wanaoshikilia kwamba elimu hii si ya kugawa barabarani. Wanaouza nyuzi nyekundu na maji ya baraka kwa jina la Kabala wanawapa hoja kila siku. Sisi tuliokulia na matangazo ya waganga kwenye nguzo za umeme hatuhitaji kuelezwa biashara hiyo.

Lakini madhara hayahitaji Masihi wa uongo. Yanaweza kufanywa na mtu mmoja, mwenye nia njema, kwenye mkeka wa msiba.

Hili ni langu. Miaka kadhaa iliyopita ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alifiwa na mkewe. Siku ya tatu nilikaa naye chini ya turubai. Wakati ule nilikuwa nimezama kwenye Ari na somo lake la kuvunjika kwa vyombo: kwamba mwanzo wa dunia nuru iliingia katika vyombo, vyombo vikashindwa kuibeba, vikavunjika, na cheche za nuru zikatawanyika kila mahali, na kazi yetu ni kuziokota na kutengeneza. Ni somo zuri ajabu, na nikaona wakati wake ndio huu. Nikamweleza mfiwa, kwa utaratibu, kwa sauti ya kibusara. Vyombo. Nuru. Kuvunjika kwenyewe kuna kusudi. Nilizungumza labda robo saa. Alinisikiliza, kichwa chini, hadi nikamaliza. Kisha akasema:

"Kaka, maji yamekatika tangu asubuhi. Kina mama kule nyuma wana vyombo vya watu wote na hawana maji ya kuoshea. Unaweza kuliangalia hilo?"

Nikaenda uani. Vilikuwepo. Sahani za pilau za watu karibu 200, zimerundikana kwenye mabeseni, nzi juu yake, na mashemeji wamekaa kando na madumu matupu. Robo saa nzima nilikuwa nahubiri habari za vyombo, na vyombo vilikuwa hatua 20 nyuma ya mgongo wangu. Nikatafuta kijana wa mkokoteni, tukaenda kisima cha mtaa wa pili, madumu 12, mara tatu. Hakuna aliyesema neno. Ndugu yangu hakuwahi kulirudia jambo lile, wala mimi sikuomba radhi kama ilivyopasa, na sasa naye ametangulia.

Usiku ule nilisoma kijitabu cha Moshe Cordovero, mwalimu mkubwa wa Safed aliyefariki mwaka ule ule Ari alipofika. Kinaitwa Mtende wa Debora. Kinaanza na uvumilivu wa Mungu, na mfano wake ni huu: hakuna dakika mtu anapokosea isipokuwa dakika hiyo hiyo Mungu anampa uhai na nguvu za kuutikisa mkono anaokosea nao. Angeweza kumnyima, mkono ukakauka. Hamnyimi. Cordovero anasema nasi tuwatendee hivyo wanaotukosea. Mimi nilisoma upande mwingine. Ulimi wangu, kwa robo saa ile, ulikuwa unaendeshwa kwa nguvu ya kupewa, na mfiwa yule alinipa pia: alinipa masikio yake wakati hana hata machozi. Nani alikuwa anafundisha Kabala kwenye mkeka ule?

Tangu siku hiyo nina kawaida ya kujiuliza kabla sijafungua mdomo: huyu ana njaa ya hiki, au mimi ndiye mwenye njaa ya kusikilizwa? Mara nyingi jibu linaniaibisha na nanyamaza. Si mara zote. Leo, kwa mfano, mmeona mnavyonisikiliza.

Zohar yenyewe ina kisa kinachonifariji. Marabi wawili, Hiyya na Yose, wanakutana usiku kwenye mnara wa Tiro. Yose analalamika: njia nzima nimesumbuliwa na mzee mmoja, mpiga punda, ananiuliza vitendawili vya kipuuzi, mara binti mzuri asiye na macho, mara nini. Hiyya anasema, hebu tumwite, pengine mna kitu. Wanamwita. Na mzee yule wa punda anafungua mambo mpaka marabi wanalia na kuanguka kifudifudi mbele yake. Katikati anatoa mfano wa binti aliyefichwa ndani ya jumba, ambaye mpenzi wake huzunguka langoni kila siku. Binti anafungua upenyo mdogo, anaonyesha uso kidogo, anajificha tena. Wapita njia hawakuona kitu. Aliyeona ni yule anayezunguka. Ndivyo Torati inavyojifunua, anasema mzee. Nimejifunza hapo namna ya kusema: upenyo mdogo, kwa anayezunguka langoni. Na nimejifunza kuwa makini na wapiga punda.

Siku hizi tunakaa watu watano nyumbani kwangu, Jumatano jioni. Mmoja anasoma aya, mwingine anaisema upya kwa Kiswahili chake bila kuangalia kitabu, halafu wote tunamshambulia. Wayahudi wana desturi ya kusoma wawili wawili kwa kubishana, tumeiazima hiyo pia. Rabi Hanina katika Talmudi, mkusanyo mkuu wa mijadala ya marabi wa kale, alisema alijifunza mengi kwa walimu wake, mengi zaidi kwa wenzake, na kwa wanafunzi wake kuliko wote. Nilidhani ni unyenyekevu wa kidini hadi lilipotufikia somo la Mungu kujipunguza. Ari alifundisha kwamba Asiye na Mwisho alijaza kila kitu, hivyo ili dunia ipate mahali alijiondoa, akaacha nafasi tupu. Nimelieleza somo hilo miaka mingi kwa michoro na mishale, nikatoka jasho.

Kati yetu yupo mama mmoja anayeuza chakula karibu na kituo cha mabasi. Ilipofika zamu yake alisema: "Hili mbona jepesi. Ukijaza mchele hadi mdomoni mwa sufuria, wali hauivi. Lazima uache nafasi uvimbe." Tukanyamaza wote. Nikafunga daftari langu.

Halafu akauliza: "Na ukoko, basi, ndio nini?"

Sikuwa na jibu. Nikakumbuka Ari alisema kwamba nuru ilipojiondoa haikuondoka kabisa, ilibaki alama yake, kama mafuta yanavyobaki kwenye chupa iliyomwagwa, wanaiita reshimu. Mwenzetu mmoja akadakia kwamba ukoko ni mgumu na uko nje ya wali, kwa hiyo ni maganda, zile kelipoti zinazofunika cheche za nuru. Tukabishana hadi saa tatu usiku, na Jumatano iliyofuata pia. Wawili wako upande wa reshimu, wawili upande wa maganda. Mama mwenyewe anasema ukoko ukiupata vizuri ni mtamu kuliko wali, na hawezi kukubali uitwe ganda. Tunaanza saa kumi na moja jioni. Mwenye neno aje.